Pleya ya mtumba ilivyonitoa jasho mpaka bibi akasema "zima!"

SIKU hizi mjini ukitaka kuonekana wa maana, unatundika santuri ukutani. Ziko baa ambazo sahani za zilipendwa zimepigiliwa misumari kama saa ya ukutani, na warembo wanapiga nazo picha. Mwulize mwenye baa anazipigia chombo gani, anakuonyesha simu. Shauri yake. Leo nazungumza na yule anayetaka sahani izunguke na itoe sauti, maana hiyo nayo ni kazi, si mchezo.

Mimi sikuingia huko kwa mikogo. Nyumbani kwetu Magomeni kuna sahani moja ndogo ya mizunguko 45, iliyofyatuliwa Nairobi mwaka 1975. Anayepiga gitaa la rithimu ndani yake ni baba yangu mdogo, ambaye sikuwahi kumwona. Alifariki mwaka 1984, mimi nikazaliwa 1991. Bendi yao haikumaliza hata miaka mitatu. Kwenye lebo jina lake halimo, limo la bendi na la mtunzi basi. Hakuna kanda, hakuna picha yake akiwa na gitaa, na mtandaoni nimetafuta mpaka bando likakata.

Bibi yangu, mama yake mzazi, anakaribia miaka 90. Macho yamechoka lakini masikio yako safi. Siku moja baada ya Idi akaniita. "Mume wangu," akasema, maana ndivyo bibi zetu wanavyotuita wajukuu wa kiume, "nataka nimsikie mwanangu kabla sijafa."

Hapo utakataa? Nikaanza kusaka pleya.

MBUZI KWENYE GUNIA

Kwa nini sahani moja iwe dhahabu hivyo? Enzi zile bendi zetu nyingi zilirekodi Radio Tanzania, na nyimbo zilibaki huko kwenye mikanda. Waliotaka santuri walitegemea Nairobi, kwenye viwanda vya kufyatulia. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983. Wakati huo kaseti zimeshashika mji. Wakubwa kama Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, sahani zao zilitoka nyingi na bado zinapatikana. Bendi ndogo kama ya baba mdogo ukipoteza nakala yako umeipoteza kweli.

Basi, kuna jamaa mmoja anauza vyombo vya kontena. Alikuwa na pleya ya mkanda wa mpira, nzuri kwa macho, anataka shilingi 250,000. Msomaji, ukifika mahali kama hapo usikimbilie kutazama urembo. Zungusha sinia kwa mkono usikie kama linakwaruza. Shika mkono wa pleya taratibu, uupeleke kushoto na kulia. Uende bila kukwama na usichezecheze kwenye shina lake. Chungulia kichwani zilipo nyaya nne ndogo: nyekundu, kijani, nyeupe na buluu. Moja ikikatika, spika ya upande mmoja haisemi. Halafu geuza chombo usome kibandiko cha nyuma.

Nilipogeuza nikakuta volti 120, mizunguko 60. Mali ya Marekani hiyo. Jamaa akacheka: "Dogo, hiyo ni transfoma tu, biashara imeisha."

Nikampigia fundi redio wangu wa Gerezani kabla sijatoa hata senti. Akaniambia transfoma inashusha volti lakini haigusi mizunguko ya umeme. Mota za pleya nyingi za aina ile zinakwenda kwa kufuata mizunguko hiyo. Marekani ni 60 kwa sekunde, kwetu ni 50. Kwa hiyo chombo kile kikifika Dar kinatembea tano ya sita ya mwendo wake, na sahani ya 45 itazunguka mara 37 na nusu kwa dakika. Kijana mwenye sauti nyororo atatoka kama mzee mwenye mafua. Bibi angesema huyo si mwanangu.

Nikamweleza jamaa hayo yote mbele ya wateja wake. Tukamalizana kwa 110,000.

MKEREZA VYUMA

Dawa ya ugonjwa ule ipo. Kwenye mota kuna puli ndogo inayovuta mkanda, nao mkanda unazungusha sinia. Ukitengeneza puli nene zaidi kwa asilimia 20, mwendo unarudi mahali pake. Fundi akanipeleka kwa mkereza vyuma jirani yake, mzee ambaye kazi yake ni bushi za malori. Akaitazama ile puli yenye ngazi mbili, ya 33 na ya 45, akaiweka kwenye kiganja, akasema, "Mwanangu, hii ni shanga."

Lakini akaichonga, kwa alumini, na kwa makusudi akaiacha imezidi unene. Chuma unaweza kukipunguza, huwezi kukiongeza. Kupima mwendo hakuhitaji mashine ya ajabu. Bandika kipande cha karatasi pembeni mwa sinia, washa, shika saa. Sahani kubwa ya thelathini na tatu na theluthi inatakiwa izunguke mara 100 kamili kwa dakika tatu. Ya 45 izunguke mara 90 kwa dakika mbili. Mara ya kwanza tulihesabu 103, mzee akapunguza. Ya pili 101, akapunguza kwa msasa. Ya tatu 100. Tukageukia ngazi ya 45 nayo ikakubali. Nikamlipa mzee na soda juu.

Wakati huohuo fundi alifungua shina la sinia, akafuta grisi iliyoganda kama gundi, akaweka matone mawili ya mafuta ya cherehani. Mkanda tukaweka mpya, maana wa zamani ulikuwa umelegea kama tambi.

GRAMU MBILI TU

Sasa sindano, na hapa ndipo watu wanapoua sahani zao. Ncha ya sindano ni kipande kidogo cha almasi, na almasi nayo inalika. Sindano iliyokuja na chombo cha kontena hujui imetembea saa ngapi wala kwa nani. Ikishalika inakuwa na kingo, na kila ikipita inachonga mfereji wa sahani. Unasikia muziki leo, kesho unasikia mchanga. Kwa sahani isiyo na pacha mimi sikuthubutu. Mshikaji wangu anayekwenda Dubai akaniletea katriji mpya ya Audio-Technica, VM95C, yenye ncha ya mviringo isiyo na makuu, inayovumilia sahani zilizochoka.

Kuifunga ni skrubu mbili na subira. Kwanza pleya iwe sawa: nikaazima pimamaji ya fundi mwashi, nikaiweka juu ya sinia, nikasukumia vipande vya karatasi chini ya miguu mpaka povu likakaa katikati. Pili, sogeza ule uzito wa nyuma ya mkono mpaka mkono uelee hewani wenyewe, haupandi haushuki. Hapo ndipo sifuri. Kisha uzungushe mpaka ufike uzito ulioandikwa kwenye karatasi ya katriji. Yangu ilisema gramu 2. Nikathibitisha kwa mzani mdogo wa kielektroniki, ule wanaotumia masonara. Tatu, ile swichi ya kuzuia mkono usivutwe kuelekea katikati iweke namba hiyohiyo ya gramu, ndiyo pa kuanzia.

Mnakumbuka wazee walivyokuwa wakibandika sarafu juu ya kichwa ili sahani isiruke? Jamani, ule ulikuwa ukatili. Sahani ikiruka kuna uchafu, au mkono umekwama, au sindano imekufa. Sarafu inazidisha mzigo na kulima mifereji.

Na kama kwenu kuna santuri za kale za mizunguko 78, kama zile za Siti binti Saad aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, sindano hii usiziguse nayo. Mifereji yake ni mipana, inataka ncha yenye unene wa karibu mara nne. Wala usizisafishe kwa spiriti, inaziharibu. Hizi zetu za plastiki nilizifuta kwa kitambaa laini, maji yasiyo na chumvi na tone la sabuni ya vyombo, nikikwepa lebo.

MBU NDANI YA SPIKA

Bado kuna mtego mmoja. Umeme unaotoka kwenye katriji kama hii ni mdogo sana, kiasi cha milivolti chache, na santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti kali ikiwa imezidishwa. Amplifaya lazima iwe na tundu la PHONO la kurudisha mambo sawa. Ukichomeka kwenye AUX unapata mbu. Amplifaya yangu haikuwa na tundu hilo, nikanunua kiboksi kidogo cha kazi hiyo. Ukisikia muungurumo usiokoma, angalia ule waya mwembamba wa ethi, ukaufunge kwenye skrubu yake. Na spika usiziweke meza moja na pleya. Mtetemo unarudi kwenye sindano na besi inaanza kulia yenyewe. Pleya yangu nimeikalisha juu ya kipande cha marumaru nilichoomba kwa mafundi wa tailizi. Bei yake asante.

Wiki nzima nilijaribia sahani mbovu za kuokoteza. Siku nilipoona hakuna kinachoruka, nikaunganisha kompyuta irekodi, nikamwita bibi.

Wimbo umegawanywa sehemu mbili, kama ilivyokuwa kawaida ya sahani ndogo: upande wa kwanza maneno, wa pili chemko. Upande wa kwanza bibi alikaa kimya, kanga mdomoni. Nikageuza. Magitaa yakaingia, solo ikatangulia, rithimu ikafuata.

"Huyo hapo," akasema. "Anachelewa kidogo. Alikuwa hivyohivyo hata kuja mezani."

Nikatega sikio. Kweli, gitaa la rithimu linakuja nyuma ya ngoma kwa unywele, na ndilo linalofanya kiuno kisikae. Nimeusikia wimbo ule mara nyingi tangu hapo na sijaacha kulisikia.

Ulipokwisha nikauliza nirudie. "Zima," akasema. "Mwache apumzike."

Siku nane baadaye akaniita tena. Nikamletea ile nakala ya kwenye simu, safi, akaisukuma pembeni. Anataka sahani. Nikamweleza kwamba sindano kila ikipita inakula kidogo. Akanitazama kwa yale macho yake. "Mume wangu, na mimi je, siliki?" Tukakubaliana mara moja kwa mwezi, siku ya Ijumaa baada ya swala. Simu ni ya kwangu.

Kwa hesabu ya haraka, chombo, puli, mkanda, katriji na kiboksi vilinifikisha bei ya simu ya kawaida. Usichukulie kwamba lazima uanze hivyo. Anza kwa kwenda kwa wazee wako, Tanga, Morogoro, Mombasa au popote walipo, uchungulie mvunguni na juu ya kabati. Ukikuta sahani, zisimamishe wima, zisilaliane, wala zisikae karibu na bati linalochoma. Andika nani anapiga nini wakati wanaokumbuka bado wapo, maana lebo haisemi. Pleya utatafuta taratibu. Na zile sarafu za juu ya kichwa cha pleya, zitoe leo hii ukanunulie vocha.