Punda wa Ukambani na dawa ya Uchina

Msomaji, ukitoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa hadi Kibwezi, kisha ukate kushoto uelekee Mutomo, utakuwa umeziunganisha Makueni na Kitui kwa lami moja. Fanya safari hiyo mwezi wa Septemba, kabla mvua za vuli hazijanyesha. Mto Athi utauvuka ukiwa na maji, lakini mito mingi midogo ni mchanga mtupu. Usidanganyike: maji yamo chini. Akina mama hufukua mashimo, wakateka kwa kata pole pole, na kando yao punda mwenye soji mgongoni hungojea mitungi minne ya lita 20.

Hebu piga hesabu. Hizo ni lita 80 kwa safari moja. Punda asipokuwapo, ni safari nne za mama, mkanda kwenye paji la uso na mtungi mgongoni, au za msichana ambaye wakati huo angekuwa darasani.

Je, Uchina inaingiaje hapa? Tabibu wa jadi wa huko hushikilia kwamba mwili una yin na yang, yaani baridi na joto, kivuli na jua, na kwamba maradhi huja mizani hiyo inapoharibika. Hupima mshipa wa mkono, akatazama ulimi, kisha akachanganya dawa. Mojawapo ni ejiao, gundi ya ngozi ya punda iliyochemshwa, ambayo husifiwa kwa kujenga damu. Imetajwa katika kitabu cha dawa cha Shennong, kilichokusanywa yapata miaka 2,000 iliyopita, ingawa zamani hizo hata ngozi ya ng'ombe ilitumika.

Elimu hiyo si ya kubezwa, la hasha. Dawa ya malaria tunayopewa hospitalini ina artemisinini, itokayo katika mmea ambao Wachina waliutumia kutibu homa tangu kale. Bi Tu Youyou alituzwa Nobel mwaka 2015 kwa ugunduzi huo. Lakini mmea hupandwa ukaota msimu huo huo. Punda jike hubeba mimba karibu mwaka mzima, akazaa mtoto mmoja.

Machinjio ya punda yalianza Kenya mwaka 2016, na mojawapo likaja kufunguliwa Machakos, jirani wa kaunti zote mbili. Kufikia mwisho wa 2018 punda zaidi ya 300,000 walikuwa wamechinjwa nchini. Wizi ukazuka, watu wakaamka kukuta mizoga iliyochunwa vichakani. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2020, Mahakama Kuu ikaitengua amri hiyo 2021. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, wakakubaliana kuzuia kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Kwa hiyo ukipita huko, punguza mwendo ukaribiapo mito. Punda mwenye lita 80 hawezi kulipisha gari kwa haraka, na mwenyewe yuko nyuma yake, kwa miguu.