Vizibo vya Sandukuni

Juma hili, tukisafisha sanduku kuukuu, tulikuta vizibo vya Safari Lager vilivyoshika kutu. Bia hiyo iliingia sokoni mwaka 1977, miaka 16 kabla ya Serikali kumkaribisha mwekezaji wa Afrika Kusini katika Kampuni ya Bia Tanzania.

Utotoni tulivithamini mno vizibo. Darasani tulijifunzia kuhesabu. Jioni vilikuwa kete za drafti, huyu akivilaza chali, yule kifudifudi. Chupa tupu zilirudishwa dukani kwa kreti, na iliyosalia nyumbani ilitunza mafuta ya taa.

Tuliwaonyesha wazee wetu hapa Lumuma, wakafurahi. "Enzi hizo bia ilikuwa rahisi!" wakasema. Mama mmoja aliyekuwa kando akichambua vitunguu akauliza: "Rahisi kwa nani, Baba?" Akatusimulia kwamba kila msimu wa kuuza vitunguu, alipofua mashati ya mumewe, alikuta vizibo mfukoni. Alivihesabu, akajua fedha ya sare za shule imekwenda wapi, kisha akawapa watoto wachezee.

Kumbe vizibo tulivyojifunzia hesabu, mama zetu walikwisha kuvihesabu kabla yetu.

Hatuilaani bia, hata arusini Kana watu walikunywa divai. Lakini tunapoitamani bei ya zamani, tumkumbuke pia yule aliyeilipa bila kuonja. Na kama yungali hai, twende tukamwombe radhi juma hili hili.

Vizibo tumevirudisha sandukuni. Tumevihesabu kwanza.