Vijana Wetu na Muziki Usio na Maneno

Wazazi kadha wa hapa Newala, na wengine wa Masasi huko chini penye majabali, wametuuliza swali moja kwa nyakati mbali mbali. Wasema: "Maalim, watoto wetu wana muziki wausikilizao masikioni kutwa kucha. Hauna mwimbaji, hauna maneno, wala hauchezeki. Watoka katika michezo ya simu. Una nini muziki huu, na sisi tufanyeje?" Swali hili ni la haki, nalo lastahiki jawabu. Lakini haifai mtu kulihukumu jambo asilolijua. Kwa hivyo tuliona yapasa kwanza kuwauliza wenye kuusikiliza: mwapata nini humo? Haya tuandikayo ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza tukieleze kitu chenyewe. Michezo hii, ambayo vijana waiita gemu, ina muziki wake upigao nyuma wakati mtu anapocheza. Makampuni makubwa huutengeneza kwa kundi la wapigaji wengi. Lakini uliowashika zaidi vijana tuliozungumza nao ni ule ufanywao na mtu mmoja, peke yake, kwa kompyuta. Mfano ulio mashuhuri ni wa mchezo uitwao Minecraft, uliotungwa Uswidi, ambao mchezaji hujenga nyumba na mashamba kwa matofali ya kuchora. Muziki wake wa mwanzo ulitungwa na Mjerumani, Daniel Rosenfeld, aliyezaliwa mwaka 1989, na ambaye katika kazi yake hujiita C418. Aliutoa mwaka 2011 kwa jina la Minecraft – Volume Alpha, naye hajatimiza miaka 22. Mwaka 2025 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza katika daftari la sauti zinazostahiki kuhifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Basi asidhani mtu kuwa twazungumza juu ya upuuzi wa watoto watano wa Newala.

Ajabu ya muziki huo ni kuwa haupigi mfululizo. Huja bila ya kubisha hodi, ukapiga dakika chache kwa upole, kisha ukanyamaza kwa muda mrefu, mchezaji akabaki na sauti ya nyayo zake na ya mvua. Haumwiti mtu wala haumwamrishi. Muziki wa namna hii vijana huuita ambienti, na jina hilo lilienezwa na Mwingereza Brian Eno, aliyetoa mwaka 1978 albamu yake Music for Airports, yaani muziki wa viwanja vya ndege. Asili ya fikra yake yafaa kusimuliwa. Mwaka 1975 aligongwa na gari, akawa amelala nyumbani mgonjwa. Rafiki akamletea sahani ya kinubi. Ilipoanza kupiga aliona sauti iko chini mno, naye hana nguvu ya kuinuka kuipandisha. Akalala akiisikia ikichanganyika na mvua ya nje, mpaka ikawa kwake ni kama sehemu ya chumba. Tazama, msomaji: sanaa hii haikuanza kwa mpigaji, ilianza kwa msikilizaji, naye alikuwa ni msikilizaji dhaifu, aliyelala kitandani.

Sasa tuje kwa wasikilizaji wetu. Tuliwauliza baada ya swala ya alasiri, mmoja mmoja, ili asije wa pili akakariri neno la wa kwanza. Binti mmoja wa kidato cha tatu alisema kuwa huuweka anapofanya hesabu, kwa sababu nyimbo zenye maneno humvuta akili, na huu haumvuti. Kijana afanyaye kazi ya kubangua korosho alisema huulalia, na kuwa hajapata kuusikia mpaka mwisho. Wa tatu alituambia waziwazi kuwa haumwambii kitu chochote: "Ni kama kungoja basi la Masasi lisilokuja." Wa nne alisema humtia huzuni, nayo ni huzuni aipendayo, kwa kuwa mchezo ule aliucheza na kaka yake, na kaka yake sasa yuko Dar es Salaam akitafuta riziki. Tukamsikilizisha bibi mmoja jirani yetu, ambaye hajui gemu ni nini. Akasikiliza kwa makini, kisha akasema: "Hii ni kama ngoma ya jando inayopigwa kijiji cha ng'ambo usiku. Huijui ya nani, lakini hulali mpaka uifikirie."

Muziki ni ule ule, na majibu ni matano. Jambo hili ndilo lililotushughulisha zaidi, kwani wimbo wenye maneno humwambia kila mtu neno moja: ukiwa wa matusi ni wa matusi kwa wote, na ukiwa wa nasaha ni wa nasaha kwa wote. Usio na maneno haumpi mtu neno, bali kila mmoja huweka la kwake. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliligusa jambo hili zamani katika kitabu chake cha Ihyaa, kwenye mlango wa kusikiliza. Rai yake ni kuwa sauti haitii moyoni kisichokuwamo, bali huchochea kile kilichomo. Naye asimulia habari ya ngamia waliobebeshwa mizigo mizito, wakakata kwa usiku mmoja mwendo wa siku tatu kwa ajili ya sauti nzuri ya mchungaji wao, na walipotuliwa mizigo wakafa karibu wote. Ikiwa mnyama asiyejua lugha afanywa hivyo na sauti, mwanaadamu je?

Twajua kuwa wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya ala za muziki tangu zamani, na wengi wamezikataza. Mwenye kufuata rai hiyo na ashike njia yake, wala hatuandiki haya ili kumtoa humo. Neno letu ni jingine: hata mwenye kukataza hana budi ajue anakataza nini, na katika moyo wa nani.

Tutatoa mfano. Mama mmoja wa mtaa wetu alifiwa na mumewe katika msimu wa korosho. Mwanawe wa miaka 14 hakulia msibani, wala baada ya arubaini. Alijifungia na simu, masikio yamezibwa, usiku mpaka usiku. Mama akatujia na simu mkononi, akisema ataipigiza kwenye jiwe. Tukamwomba atuachie siku moja. Tulimwita mtoto tukamwambia, "Tusikilizishe na sisi." Akasita, kisha akatupa upande mmoja wa kisikilizio. Tulikaa kimya naye muda kama wa kusoma juzuu nusu. Muziki ulikuwa wa polepole, noti moja kisha kimya, noti moja kisha kimya. Tukamwuliza, "Wakukumbusha nini?" Akasema, "Hospitali, Maalim. Nilikuwa nikicheza karibu na kitanda cha baba, sauti chini, ili asiamke. Ukipiga huu naona bado amelala."

Hakusema zaidi, na kilio alichokuwa amekizuia miezi yote kikatoka pale pale barazani. Tulimwita mama yake, naye alikaa chini kando ya mwanawe, na simu haikutajwa tena siku ile. Hatusemi kuwa muziki ulimponya. Mtoto bado ana majonzi yake. Twasema kuwa lau simu ile ingepigizwa kwenye jiwe, ungevunjwa mlango pekee ambao mama angeweza kuupita amfikie mwanawe.

Wala hilo si jambo la mtaa wetu tu. Mwaka 2024 ulitoka mchezo uitwao Tales of Kenzera: ZAU, uliotungwa chini ya uongozi wa Abubakar Salim, mtu wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye aliutunga kutokana na majonzi ya kufiwa na baba yake. Wahusika wake waweza kusikilizwa wakisema Kiswahili, na muziki wake ulitungwa na Nainita Desai. Habari yake ni ya kijana atafutaye njia ya kumrudisha baba aliyekufa. Mtu mzima aliweka msiba wake katika gemu. Basi tusistaajabu mtoto akiukuta wake humo humo.

Enyi wazazi, twawausieni mambo matatu. La kwanza, kabla ya kunyang'anya, ulizeni, nanyi msikilize pamoja nao japo dakika kumi. La pili, tofautisheni muziki na mchezo: muziki waweza kupiga huku mtu asoma au abangua korosho, lakini mchezo hula saa, na saa zikiliwa hazirudi, wala usingizi wa mtoto, wala bando la pesa za mama. Wekeni mpaka wa saa, mpaka unaojulikana, na simu ilale mbali na kitanda. La tatu, mtoto akisema muziki wamtia huzuni, msimcheke wala msimkemee. Mwulizeni huzuni hiyo ni ya nani.

Nanyi vijana, wazee wenu hawakujua sauti hizi, lakini wayajua yaliyomo ndani yake: ukungu wa asubuhi pale Shimo la Mungu unapolifunika bonde la Ruvuma, na ngoma ya ng'ambo usiku, na kumkumbuka aliyeondoka. Watoeni visikilizio masikioni mwenu muwape upande mmoja, na muwaambie mwasikia nini. Mwenye kunyamaza hujibiwa kwa dhana, na dhana nyingi ni za ubaya.