Lete Maji Yako Kwanza

Mteja akifika kwangu hapa Olenguruone kutafuta mimea ya tangi la samaki, halafu hakubeba chupa ya maji ya kwao, namkaribisha chai kisha namrudisha. Wengine hukasirika, kwa kuwa wametoka mbali. Lakini siwezi kumchagulia mtu mmea nisiojua utaishi katika maji gani.

Kazi hii niliianza 1998 bila kuitafuta. Nilikuwa msichana wa kazi kwa mwalimu mmoja mstaafu mjini Nakuru, na sebuleni kwake kulikuwa na tangi la kioo lenye gapi na mchanga mtupu. Gapi hatagi mayai. Huzaa vitoto vilivyo hai, na asipokuwa na mahali pa kuvificha, yeye na wenzake huvila. Asubuhi moja nilihesabu vitoto kumi na saba. Jioni vilibaki viwili. Nililia, na mwalimu hakunicheka. Alisema, "Binti, hawana pa kujificha." Jumamosi iliyofuata alirudi na kifurushi cha gazeti lililolowa. Ndani kulikuwa na fundo la nyuzi za kijani, kama zile zinazoota kwenye magogo ya msitu wa Mau nilikozaliwa. Ilikuwa kuvumwani ya Java. Tuliifunga kwenye jiwe kwa uzi wa kushonea, tukaizamisha.

Gapi alipozaa tena nilipiga magoti mbele ya kioo na tochi mkononi. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha nikaona macho mawili meusi, madogo kuliko mbegu ya sukuma wiki, halafu mengine, na mengine. Vitoto vilikuwa vimetulia kati ya zile nyuzi, kila kimoja chembamba kama kipande cha ukucha, vikidonoa vijidudu vinavyoota juu yake. Mmea ulivipa nyumba na chakula pamoja. Tangu usiku ule sijaweza kulitazama tangi lenye mchanga mtupu nikatulia.

Kosa langu la kwanza lilitokana na malezi. Mtoto wa shamba la viazi akipewa mche, anauzika. Mwalimu aliponikabidhi anubiasi, yenye majani magumu na tunguu nene kama la tangawizi, nililifukia tunguu lote mchangani nikalikandamiza vizuri. Baada ya wiki mbili majani yakawa yananyofoka yenyewe, na nilipolivuta tunguu lilinuka kama kabichi iliyooza. Mwalimu alichukua wembe, akakata palipooza mpaka akafikia nyama nyeupe, akafunga kilichobaki kwenye jiwe. Kwao anubiasi, kwenye vijito vya Afrika Magharibi na ya Kati, hushikilia mawe na mizizi ya miti. Tunguu lake linataka maji yapite. Mizizi ndiyo hutafuta mchanga yenyewe ikipenda. Kangaga ya Java nayo ni hivyo hivyo. Mimea hiyo miwili ndiyo ninayompa kila anayeanza. Inaridhika na mwanga hafifu, na mwanga hafifu ndio neoni na samaki wengine wadogo wenye woga wanaoutaka.

Mwalimu alinifundisha mpaka nikawa natunza matangi ya watu wengine mjini: hoteli, zahanati, nyumba za watu binafsi. Mwaka 2011 mama alizidiwa na umri, nikarudi nyumbani kumtunza. Nilikuja na ndoo nzima ya valisneria, ule mmea wenye majani marefu kama utepe. Nakuru ulikuwa ukijaa tangini kama nyasi za masika. Huku ulipauka, ukalainika, ukawa kama plastiki ya kupitisha mwanga. Baada ya mwezi haukuwepo. Kuvumwani, ambayo mjini ilijikokota, ikastawi hapo hapo kando yake.

Ilinichukua muda kuelewa. Maji ya visima vingi vya Nakuru yana baikaboneti, ndugu wa magadi, na yana floridi ile inayotia meno ya watu wengi wa Bonde la Ufa rangi ya kahawia. Valisneria inaweza kujipatia kaboni kutoka kwenye baikaboneti. Kuvumwani haiwezi; inangoja hewa ukaa iliyoyeyuka majini. Na mimi huku nilikuwa nikitumia maji ya mvua niliyokinga kwenye paa la mabati, yasiyo na madini ya maana ndani. Nilikuwa nimeiua valisneria kwa njaa.

Baridi nayo ilikuwa na somo lake. Usiku wa Julai hapa kipimajoto kinaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na hita ya tangi inategemea stima. Stima ilipotea siku mbili. Nililifunika tangi kwa blanketi la mama, nikachemsha maji nikayatia kwenye chupa na kuziweka zielee tangini usiku kucha, na bado neoni wote walikufa. Kangaga ya Java haikutikisika. Tangu hapo simuuzii mtu wa Olenguruone samaki anayeishi kwa kutegemea hita. Namshauri achukue yule mdogo mwenye mstari wa fedha anayetoka Mlima Baiyun karibu na Guangzhou, China, ambaye nyuzi 16 hazimsumbui. Samaki wa dhahabu pia huvumilia baridi, ila huyo habaki mdogo, na mimea kwake ni mboga.

Kriptokorini naiuza kwa masharti. Ukiihamisha, majani yake huyeyuka yakawa uji, na mteja mmoja aliwahi kunipigia simu akiniita mwizi. Nilimsihi asiing'oe. Mizizi ilikuwa hai. Majani mapya yalitoka.

Lakini kuna mimea siuzi kwa bei yoyote. Watu huniletea gugumaji na salvinia kutoka Naivasha, kwa kuwa inaelea vizuri, inawapa samaki kivuli, na ni ya bure. Salvinia iliwahi kufunika sehemu kubwa za ziwa lile, na gugumaji likaingia 1988. Vijito vya milima hii huteremka Mto Mara na Mto Sondu, na yote miwili huishia Ziwa Viktoria, ambako wavuvi wameshateseka vya kutosha na gugumaji. Kwa hiyo hata vipande ninavyokata kwenye mimea yangu simwagi mtoni. Navianika juu ya mabati mpaka vivunjike mkononi, ndipo navifukia kwenye viazi.

Wiki iliyopita alikuja kijana kutoka Keringet na maji kwenye chupa ya soda. "Shikamoo mama, nimeambiwa nisije mikono mitupu." Nilidondosha tone moja kwenye kioo kilichopakwa rangi nyeusi upande wa nyuma, nikalitia tone la mvua kando yake, nikakianika dirishani. Maji yenye madini yakikauka huacha pete nyeupe. Ya mvua hayaachi kitu. Tulikunywa chai tukingoja. Tone la mvua lilitoweka. Lake liliacha pete nyembamba mno, mpaka akainama kuiona.

"Ni ya kijito?" nikamuuliza.

"Ni ya kijito, mama."

Nikachukua mkasi, nikaivuta kangaga ya Java karibu.