Diski iliyofungwa ndani ya kitenge



Wengi wenu mmetuuliza ni kitu gani kile kisanduku cheusi chenye midomo miwili kinachokaa juu ya meza ya mama mhazini, na kwa nini tulitoa dola 38 za sanduku letu kukinunua wakati paa la chumba cha mikutano bado linavuja. Ni haki yenu kuuliza. Tunawaeleza tangu mwanzo.

Mnakumbuka tarehe 22 Mei 2021, ile Jumamosi jioni Nyiragongo ilipotapika. Mnakumbuka pia siku zile za matetemeko, na asubuhi ya tarehe 27 tulipoambiwa tuhame mji. Barabara ya Sake ilijaa watu, magodoro, mbuzi, chukudu zilizobeba bibi wazee. Kompyuta ya kikundi ilikuwa ile ya zamani, ya kusimama, nzito. Nani angeibeba, na watoto mgongoni? Kijana wa mhazini akachukua bisibisi, akafungua ubavu wake, akatoa diski, kipande cha chuma kinacholingana na kitabu cha sala. Mama mhazini akakifunga ndani ya kitenge pamoja na kadi za chanjo za watoto, akatembea nacho hadi Sake.

Tuliporudi, kompyuta yenyewe haikuwepo. Diski ikawekwa kabatini chini ya vitambaa vya meza, na tukaanza upya na daftari. Zaidi ya mwaka mmoja hakuna aliyeigusa. Tuseme ukweli, tuliisahau.

Aliyetukumbusha ni mama mwenzetu wa Buhene. Nyumba yake ilifunikwa na lava, na karatasi za parsele ziliungua ndani. Watu walipoanza kurudi na kupima juu ya mawe, jirani mmoja akasema mpaka wake unafika hadi palipokuwa jiko la mama huyo. Hapakuwa tena na mti wala ua wa kuonyesha kitu, mawe meusi tu. Akaja kwenye mkutano, akakaa kimya mpaka likirimba ilipokwisha, ndipo akauliza: “Zile karatasi tulizopiga picha kwa mashine mwaka wa 2019, kila mmoja za kwake, ziko wapi?”

Ziko kwenye diski. Na diski ilikuwa kabatini bila kompyuta.

Sasa hapo ndipo tulipojifunza kununua, na tulijifunza kwa kukosea. Mara ya kwanza tulituma vijana Birere na maneno mawili tu: “leteni doki.” Wakaleta kitu chembamba chenye matundu mengi, ya televisheni, ya kipaza sauti, ya fleshi. Kinaitwa doki nacho, lakini ni cha kuongezea kompyuta ya mkononi matundu. Diski iliyo uchi haina mahali pa kukaa humo. Muuzaji alikubali kukirudisha baada ya maneno mengi, tena akakata dola 2.

Mara ya pili tulienda wenyewe, sisi watatu, na diski yetu mkononi. Hilo ndilo tungependa kila mama afanye: beba diski yako uende nayo. Tazama meno yake. Ikiwa ina vipande viwili bapa vyenye umbo la herufi L, kimoja kifupi na kimoja kirefu, hiyo ni SATA, na doki nyingi za sasa zinaipokea. Ikiwa ina safu mbili ndefu za sindano, hiyo ni ya kizamani zaidi, na doki ya kawaida haitaisaidia. Yetu ilikuwa SATA.

Lakini siku hiyo pia tulinunua vibaya. Tulivutwa na bei. Kulikuwa na waya wa dola 9, upande mmoja USB, upande mwingine yale meno ya L. Tulifurahi. Tulipofika nyumbani na kuchomeka, diski ililia tik, tik, tik, ikanyamaza. Mama wa Buhene alishika kichwa. Sisi wote tulidhani imekufa.

Haikufa, ilikuwa na njaa. Diski ndogo za kompyuta za mkononi, zile za inchi 2.5, hutosheka na volti 5 zinazotoka kwenye USB. Kubwa ya inchi 3.5 kama yetu inahitaji pia volti 12, na hizo haziji kwa waya wa USB; lazima ziwe na chaja yake inayochomekwa kwenye prizi. Kwa hiyo ukiona kifaa cha bei ndogo hakina chaja, ujue ni cha diski ndogo tu. Ile waya tunayo bado.

Mara ya tatu tulichagua doki yenyewe, na hapo tukabishana sisi kwa sisi. Mama prezidante alitaka ya mdomo mmoja, dola 25. Mhazini alitaka ya midomo miwili, ili diski ya zamani na mpya zikae pamoja na tupate nakala. Tatizo la hii ya pili ni kitufe chake. Ukikibonyeza kwa namna fulani, kinanakili diski moja yote juu ya nyingine bila kompyuta, na kilichokuwa kwenye ile ya pili kinafutwa. Ukikosea mdomo, diski tupu inaandikwa juu ya ile yenye mali yako. Muuzaji alitusifia kitufe hicho kama baraka. Sisi tulikiona kama mtoto anayecheza na kiberiti. Tulinunua ya midomo miwili, na kabla ya kuiwasha tukabandika plasta juu ya kitufe. Plasta iko hapo hadi leo, na asiibandue mtu.

Tuliangalia pia tundu la USB. La buluu, yaani USB 3.0, linaweza kupitisha hadi gigabiti 5 kwa sekunde. La zamani, USB 2.0, mwisho wake ni megabiti 480. Diski inayozunguka haifiki kasi hiyo ya juu, lakini tofauti inaonekana, na kwetu sisi ambao umeme unakuja na kuondoka, saa moja iliyookolewa ni kitu. Tuliazima na onduleri, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kunakili, faili zinaweza kuharibika.

Jioni ile tulikuwa tisa ndani ya chumba kimoja. Diski ya zamani ilizunguka, ikatoa sauti kama nyuki, na kompyuta ikaiona. Mpya haikuonekana. Kijana akasema mpya kabisa lazima iandaliwe kwanza, akafungua ukurasa unaoorodhesha diski zote, na mkono wake ulikuwa tayari kubonyeza. Mama mhazini akamshika mkono. “Papa, ngoja. Ni ipi hiyo unayoiandaa?” Akaangalia tena, akanyamaza. Alikuwa amesimama juu ya ile ya zamani. Tukamwambia atoe ya zamani kabisa, kwa utaratibu, aiweke mezani, ndipo aandae mpya ikiwa peke yake. Tangu siku hiyo diski mpya huandaliwa ikiwa peke yake.

Karatasi ya Buhene tuliipata kwenye folda ya 2019. Imepigwa imelala upande, na kwenye kona kidole gumba cha katibu wetu wa wakati ule kinaonekana. Vipimo vya parsele vinasomeka vyote. Mama huyo hakusema kitu. Aliomba tu tuikuze picha, akasoma nambari moja moja kwa sauti, mara mbili. Siku iliyofuata alienda nazo kwa mkubwa wa mtaa, karatasi mbili zilizochapwa, na jirani aliitwa. Kesi bado inasikilizwa.

Diski ya zamani imerudi kwenye kitenge, kwa mhazini. Nakala iko kwa mama prezidante, ng'ambo nyingine ya mji, makusudi. Na kama wewe nyumbani una diski ya kompyuta iliyokufa, njoo nayo siku ya Alhamisi baada ya likirimba. Usilete chaja nyingine, hata kama tundu linaingia. Ya doki ina alama ya uzi mwekundu. Ukiwa na onduleri, hiyo ilete, kwa kuwa tuliyoazima tumeirudisha.