Shule ya Kijiji ni ya Nani?

Tangu mwezi wa Septemba mwaka 2019 kuna neno linalosemwa katika vijiji vyetu vya Tanganyika, nalo lasemwa na watu wema, Wakristu wa kweli. Ukimwita mzazi aje kutazama mabati ya shule yaliyong'olewa na upepo, atakujibu: "Shule ni ya Serikali. Serikali imesema hatulipi tena. Basi, na waitengeneze wenyewe." Neno hilo halina matusi, wala si uongo mtupu. Lakini mimi naona linaharibu shule zetu kuliko upepo na mchwa, nami nataka kulisemea kidogo.

Shule hizi zina habari ndefu. Tarehe 26 Mei 1906 Kiti Kitakatifu na Serikali ya Mfalme Leopold II walifanya mapatano: misioni zilipewa mashamba, nazo zikajifunga kufungua shule za kufundisha watoto, hasa ukulima na kazi za mikono. Mwisho wa mwaka 1974 Mobutu alizitwaa shule zote mkononi mwa makanisa. Mwaka 1977 akazirudisha kwa mapatano mapya, na hayo ndiyo tunayoyafuata hata leo. Serikali hutoa programu ya masomo, hulipa waalimu na kutuma wakaguzi. Kanisa huongoza kazi ya kila siku. Kwa hiyo mtu akisema shule ya misioni ni ya Serikali hakosei, na akisema ni ya Kanisa hakosei pia. Ila wote wawili wamemsahau mtu wa tatu, ambaye mtoto wake ndiye anayekaa katika benchi.

Mtu huyo wa tatu alikumbukwa siku ya kulipa tu. Katika miaka ya 1990 mishahara ya waalimu ilikuwa kama hakuna. Ili shule zisifungwe, wazazi walianza kutoa feza ya kumtunza mwalimu, na mzigo huo ulidumu zaidi ya miaka 25. Nani asiyekumbuka watoto waliofukuzwa asubuhi mbele ya wenzao, wakarudi nyumbani na daftari kichwani? Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, ilisema wazi kwamba shule ya primari ya Serikali ni ya bure, lakini ilitupasa kungoja mpaka mwaka 2019 kuona neno hilo likianza kutendeka. Mimi nilifurahi, na hata leo nafurahi. Katika kijiji ninamofundisha dini, darasa la kwanza lilijaa hata watoto wakakaa chini. Wengi wao walikuwa wasichana, na wengine walikuwa watoto wa wajane ambao tulikuwa tukiwaona sokoni tu, wakiuza mihogo na sombe.

Lakini pamoja na furaha hiyo jambo jingine lilitukia. Mtu anayelipa huuliza. Mzazi aliyetoa franga zake alikuja kwa mkuu wa shule kuuliza kwa nini mwalimu hakuonekana siku tatu, na kwa nini mtoto wa darasa la nne hajui kusoma jina lake. Alipoacha kulipa akaacha na kuuliza. Hatutaki feza irudi, hata kidogo! Tulitaka macho ya wazazi yarudi, tena na mikono yao.

Basi Komiti ya Wazazi ilikutana, nami nilialikwa kwa ajili ya sala ya kufungulia. Mwalimu wa darasa la sita alileta shauri kwamba watoto wajifunze hesabu na elimu ya viumbe kwa kufanya kazi, pamoja na watu wa kijiji wenye ufundi. Mzee mmoja akasimama, akavua kofia, akasema kwa sauti ya chini: "Waalimu, mniwie radhi. Mimi nililima shamba la mwalimu wangu miaka sita. Muhogo wake ulikomaa vizuri, nami nikatoka shuleni bila kujua kuandika barua. Kulima nitamfundisha mtoto wangu mimi mwenyewe. Kwenu nimemtuma akatafute kile ambacho mimi sina."

Watu walinyamaza. Nami nawaambia, ndugu wasomaji, mzee yule alisema haki. Kazi za mikono katika nchi yetu zimechafuliwa jina. Wazee walizijua shuleni kama kazi ya kumlimia mkubwa, na baadaye wakaletewa Salongo ya siku za Mobutu, kazi ya lazima iliyoitwa ya maendeleo. Mtoto anayetumwa kuchota maji ya mke wa mwalimu wakati wenzake wanasoma hajifunzi kitu, isipokuwa kwamba mdogo ni mtumwa wa mkubwa. Yezu alishika randa ya Yosefu kule Nazareti, na Mtume Paulo alishona mahema. Mikono yao haikuwapunguzia heshima. Lakini hawakufanya hivyo ili mwingine alale kivulini.

Kwa hiyo mkutano uliweka masharti, tena ni mzee yule aliyeyadai. Kazi ikiisha, kila mtoto awe ameandika kitu katika daftari lake. Mavuno au faida iwe ya shule, nayo isomwe mbele ya wazazi. Tena mtoto asitumwe nyumbani kwa mwalimu saa ya masomo, hata kwa jambo dogo.

Tulianza na maharagwe, kwa sababu wakati wa kupanda ulikuwa karibu. Kila mtoto wa darasa la tano alileta mbegu 20 kutoka ghala ya mama yake. Wakazifunga katika kitambaa chenye maji, wakazitunza zisikauke, na siku ya tano wakafungua na kuhesabu. Msichana mmoja alipata 13 zilizoota. Mwalimu akauliza: "Kama zingekuwa 100, zingeota ngapi?" Hesabu ile ya mia kwa mia, iliyokuwa imewatesa ubaoni majuma mawili, wakaipata kabla ya kengele: 65. Jioni mama yake alikuja mwenyewe na kibakuli cha mbegu nyingine, akitaka zipimwe nazo. Alikuwa akipanda mbegu mbili katika kila shimo. Sasa alijua kwamba kwa mbegu zile chakavu yafaa aweke tatu, au atafute mbegu njema kwa jirani. Mama huyo hakuwa amekanyaga uwanja wa shule tangu mtoto wake aandikishwe.

Kazi ya pili ilikuwa ukuta wa darasa. Wanaume walifinyanga matofali na kuyachoma; watoto hawakubeba, walipima. Fundi wetu mwashi ni mtu aliyeacha shule katika darasa la pili. Akachukua kamba, akaifunga vifundo, akapima 3 upande huu, 4 upande ule, na 5 kati yao, pembe ikasimama sawasawa. Mwalimu wa darasa la sita alitabasamu, kwa maana jambo hilo limo katika kitabu pamoja na jina la Pythagoras, na yeye mwenyewe alilikariri miaka mingi bila kuligusa. Nafikiri siku ile fundi na mwalimu walipeana heshima ambayo haikuwako mbele.

Ukuta wa mbele ni mita 6 kwa mita 3. Matofali 100 pamoja na udongo wake hufunika mita mraba 3. Kwa hiyo fundi aliagiza matofali 600. Mtoto mmoja akainua mkono: "Na mlango, fundi?" Mlango ni mita 1 kwa 2. Wakahesabu, wakaona matofali 67 yamezidi. Fundi akacheka sana, akasema: "Hayo 67 ndiyo yatakayovunjika njiani. Kitabu chako hakijui barabara yetu!" Mwalimu aliwaandikisha hesabu zote mbili, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kifaransa, maana mtihani wa mwisho wa primari hauji kwa lugha ya kamba na udongo. Jambo hilo tusilisahau. Wazazi waliogopa kwamba kazi itakula masomo, na mkaguzi naye angeweza kuuliza. Kwa sababu hiyo kila kazi huandikwa katika daftari la matayarisho la mwalimu kama somo lingine lolote, na siku yake ni Alhamisi tu.

Liko jambo ambalo halijakwisha. Mmoja wa waalimu wetu aliajiriwa baada ya watoto kuongezeka, na jina lake halijaingia katika orodha ya mishahara. Waalimu wa namna hiyo ni wengi katika Kongo. Serikali imekataza kuwatoza wazazi, nayo imefanya vema. Lakini mwalimu naye ana tumbo. Tulifanya shauri mara mbili. Wengine walitaka kila nyumba itoe kopo la mahindi. Wengine wakasema hiyo ni ada iliyovaa nguo nyingine, na mjane asiye na mahindi ataona haya kumtuma mtoto wake. Mimi niko upande wa hao wa pili. Mwishoni watu wazima wanaotaka, bila jina kuandikwa mahali popote, humlimia mwalimu huyo nusu siku kila mwezi, na watoto wamekatazwa kabisa kushika jembe pale. Haitoshi, nasi twajua. Barua ya kuomba jina lake liingizwe imepelekwa kwa wakubwa wa shule, na nakala imebaki kwa Komiti. Kila mkutano mtu huuliza jibu liko wapi.

Ukuta nao umefika kimo cha madirisha. Mzee yule wa kofia hupita karibu kila Alhamisi, hukaa juu ya rundo la matofali na kumwambia mjukuu wake amsomee yaliyoandikwa katika daftari. Juma lililopita alifumba jicho moja, akatazama kwa muda, kisha akamwambia fundi kwamba safu ya nane imepinda. Fundi alikataa. Watoto wakaleta kamba, wakapima mbele ya wote. Ilikuwa imepinda kweli, wakaibomoa.