Wazee Wanaandikwa

Zunguka vijiji vya Kisii na Nyamira kwa utafiti wa afya, ukiuliza walipo wazee wa miaka 70 na zaidi, na habari zitakutangulia. Watu hawasikii neno utafiti. Wanasikia kwamba wazee wanaandikwa. Na kuandikwa kuna uzito, kwa kuwa mpango wa serikali wa Inua Jamii humpa aliyefikisha miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Ndipo hutokea mtu wa miaka hamsini na kitu akajitia sabini. Mwingine huja na kitambulisho cha mama mkwe. Mwingine alishahojiwa kijiji cha pili, na kwa kuwa akina Kerubo na Moraa ni wengi milimani kwetu, jina peke yake halimfichui.

Siwezi kumchukia mtu huyo. Majani chai yakilipa kidogo na karo ikadaiwa, nauli inayotolewa na mtafiti ni unga wa nyumba. Lakini hufikiria sana kinachofuata. Magoti yake imara yanaingia kwenye hesabu kuwa magoti ya ajuza wa miaka 75. Zahanati na dawa zikipangwa kwa hesabu hizo, mzee halisi aliyeshindwa kupanda mlima kuja kuhojiwa ataambiwa kwamba wenzake wote wana afya njema.

Hata penye sajili nzuri watu hudanganyika. Julai 2010, mjini Tokyo, maofisa walitaka kumpongeza Sogen Kato, aliyeandikwa kuwa na miaka 111. Yakapatikana mabaki ya mtu aliyekufa miaka 30 na zaidi nyuma, huku jamaa zake wakipokea pensheni kwa jina lake. Sembuse sisi, ambao wazee wetu wengi walizaliwa nyumbani bila cheti, na tarehe iliyo kwenye kitambulisho ilikisiwa na karani!

Kinachosaidia ni mazungumzo yasiyo na haraka. Aliyezaliwa mwaka 1950 alikuwa na miaka 13 Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, miaka 19 Tom Mboya alipouawa Julai 1969, na 28 Mzee Jomo Kenyatta alipofariki Agosti 1978. Mwulize mama siku zile alikuwa wapi, ameolewa au bado, ana mtoto mgongoni au hana. Mwulize baba alitahiriwa pamoja na akina nani, kisha uzungumze na hao. Anayejiongezea miaka kumi hukosa wa kutahiriwa naye.

Ila maswali hayo yaulizwe ndani ya nyumba, kwa heshima. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa na umati uliowatuhumu uchawi. Orodha ya walio wakongwe zaidi na wanaoishi peke yao, ikisomwa hadharani kwenye baraza la chifu, inaweza kumhatarisha mtu. Afadhali mtafiti adanganywe na mmoja kuliko kumwanika ajuza mbele ya majirani kwa sababu ya kuhakiki umri.

Ningekuwa na uamuzi, watu wasingeitwa ukumbini hata kidogo. Nyumba zingechaguliwa kwa kura na kufuatwa huko huko ziliko, na kila iliyotembelewa ingepata shukrani ile ile, iwe ina mzee au haina. Mwenye miaka 58 angetaja 58, akapokea chake, akarudi shambani.